Bei Inavyopanda Ngazi

Ukiacha barabara ya Msimbazi, yanakopita mabasi ya mwendokasi, ukajipenyeza mtaa kwa mtaa hadi makutano ya Aggrey na Likoma, masikio hutangulia macho kufika. Juu ya milango ya maduka zimefungwa spika ndogo zilizorekodiwa sauti isiyochoka: chaja za laptopu, chaja za laptopu, kava elfu tano, protekta elfu mbili. Moja ikikatika, ya jirani inadakia. Honi za bodaboda zinapita katikati yake, na wasukuma mikokoteni wanaomba njia kwa ukali wa mtu asiye na breki. Kijana wa kahawa anagonganisha vikombe vyake. Ilikuwa asubuhi bado, jua la Dar es Salaam halijakaza, lakini shati lilikwisha nata mgongoni.

Hewa ya Kariakoo ina tabaka. Chini kuna maji ya mtaroni na vumbi la saruji. Usawa wa pua kuna mihogo ya kukaanga, moshi wa pikipiki, na harufu kali ya plastiki mpya inayotoka kwenye maboksi yanayofunguliwa kando ya njia. Viwanja vya hapa vilipimwa zamani kwa ajili ya nyumba za chini, zile za korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma. Zilizobaki ni za kuhesabika. Juu ya viwanja vilevile sasa yamesimama maghorofa ya vioo na vigae, kumi kwenda juu na zaidi, na mtaa umebaki na upana wake wa siku zile. Ukiinua uso unaona utepe wa mbingu na nyaya nyeusi zimeukatiza.

Katika biashara zote zilizobanana hapa nilifuata moja tu, ya kutengeneza kompyuta. Watu wa mtaa hawasemi kompyuta mpakato. Wanasema mashine. Mashine haiwaki. Mashine inachemsha. Mashine imezingua. Maneno hayo matatu yanalisha watu wengi kuliko ukubwa wa mtaa unavyoonesha, na wote wanagombania mteja yuleyule aliyekumbatia begi lake kifuani akiogopa vibaka.

Kabla sijavuka kona winga alikuwa pembeni yangu. "Karibu, kaka. Kioo? Betri? Kupiga Windows?" Winga hana duka. Mtaji wake ni miguu, simu, na kichwa kilichobeba bei za maduka ya mtaa mzima. Mwenye duka humtajia bei yake, naye huongeza cha juu, na hicho cha juu ndicho mshahara. Mteja akisita, winga anapunguza kutoka kwenye cha juu chake mwenyewe, na mteja anaondoka akiamini duka ndilo lililomhurumia. Nilimwambia natafuta fundi. Hakuuliza mashine ina tatizo gani. Aliuliza, "Fundi wa bei gani?"

Wa bei ya chini kabisa wako nje. Niliyesimama kwake ana meza isiyofika mita moja, ameiegesha chini ya kivuli cha duka la mabegi. Umeme anauvuta kutoka dukani kwa waya mrefu, na kila jioni anamlipa mwenye duka kitu kidogo. Mezani kuna trei ya skrubu, seti ya bisibisi, brashi ya kupakia rangi aliyoigeuza ya kufutia vumbi, mita ya manjano, flashi zilizofungwa pamoja kwa uzi, na kadi kuukuu ya benki ambayo kazi yake sasa ni kupenyezwa kwenye maungio ya kava ili lifunguke bila kuchubuka. Bango lake ni karatasi ndani ya nailoni: WINDOWS 10,000. OFFICE BURE. KUSAFISHA 5,000. KUANGALIA BURE. Jirani yake, hatua chache mbele, ameandika 8,000. Wa tatu hakuandika kitu. Ukimuuliza bei anakuuliza wewe, "Una ngapi?"

Nilimtazama akibadili kibodi ya mwanafunzi wa chuo. Aligeuza mashine kifudifudi, akaichomoa betri kwanza, akatoa skrubu na kuzipanga kwenye trei kwa mpangilio uleule zilivyokuwa chini ya mashine, ndefu nyuma, fupi mbele. Kadi ikaingia, kava likalia, likaachia. Chini ya kibodi mlikuwa na makombo ya biskuti, nywele, na mabaki ya soda iliyokauka ikawa gundi ya kahawia. Vidole vyake havikusitasita hata mara moja. Utepe mwembamba wa nyaya za kibodi, unaokatika kwa kuvutwa vibaya mara moja tu, aliutoa kwa ukucha. Kabla kahawa yangu haijapoa, mwanafunzi alikuwa anaandika jina lake kwenye skrini kujaribu herufi. Alilipa, akaagana, akapotelea kwenye umati. Kazi ilikuwa safi, na kwa bei hiyo hakuna mtu ndani ya jengo lolote ambaye angeifanya vizuri zaidi.

"Unaishije kwa elfu kumi?" nilimuuliza.

"Usihesabu elfu kumi, kaka. Hesabu wangapi."

Hesabu nyingine niliiona mwenyewe. Neno BURE kwenye lile bango lina kazi yake. Mashine ikishafunguliwa, skrubu zote ziko kwenye trei na kava limeegemezwa kwenye stuli, mwenyewe hawezi kuibeba akaondoka. Hapo ndipo inapotajwa feni iliyochoka, au betri iliyovimba, au ulegevu wa tundu la chaja. Mara nyingi ni kweli. Vumbi la Dar es Salaam na joto lake huziba feni hadi upepo usipite, na betri iliyovimba inaonekana hata kwa asiye fundi. Lakini kweli au si kweli, anayeambiwa hana namna ya kupima, na wapo mafundi wa meza wanaojua hivyo. Ndiyo maana wateja wa mtaani hawaachi mashine. Wanavuta stuli na kukaa, macho kwenye vidole vya fundi, wakichelea RAM ya GB 8 isije ikatoka na ya GB 4 ikaingia.

Chini ya meza kuna kiroba. Fundi alikifungua nione. Zimo mashine zilizokufa, nyingine bila kioo, nyingine zimebaki bodi tupu, anaziita mizoga. Alizinunua kwa wenyewe waliokata tamaa, na anazichuna kidogo kidogo: bawaba leo, feni kesho, tundu la chaja wiki ijayo. Pakiti za betri anazipasua na kutoa seli za ndani, vile vijiti vyenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, anazipima moja moja, na zilizo hai zinaunganishwa kuwa betri ya mtu mwingine. Bei yake ya chini inatoka humu kwenye kiroba, na inatoka kwenye mambo asiyolipia: pango, mlango, kufuli, leseni ya programu anazoweka, na siku ambayo mteja atarudi.

Hata hivyo mpinzani wake mkali si jirani wa 8,000. Yuko nyuma ya ukuta, kwenye fremu za chini zinazouza mashine za mtumba. Niliingia moja. Kiyoyozi kinavuma, vigae vinang'aa, na mashine zimepangwa wima kwenye rafu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kava la kijivu baada ya kava la kijivu. Nyingi zilikuwa za ofisi za Ulaya na Marekani, zikapitia Dubai. Chini ya baadhi yao bado zimebandikwa namba za mali za kampuni zilizozimiliki, na kibodi zina herufi zenye vitone na alama za lugha ambazo hakuna anayezisoma hapa.

Muuzaji alinionesha rundo la mashine zenye prosesa za jenereshi ya sita na ya saba. Hizo, alisema, zimekuwa rahisi. Sababu iko mbali na Kariakoo. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka, kwa sehemu kubwa, prosesa za jenereshi ya nane kwenda juu. Nayo Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida ya masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nzima, yenye kioo kisicho na doa, inakuwa mzigo kwa ofisi ya Ulaya, na mzigo huo una soko hapa. Kila bei yake inaposhuka, kazi ya fundi inapungua, kwa sababu mteja anapiga hesabu: natengeneza ya nini, kama kwa kuongeza kidogo napata nyingine? Tena ukinunua hapa Windows unapigiwa bure. Fundi wa meza anaweza kushindana na elfu nane. Na bure hawezi.

Fundi niliyekuwa nimeelekezwa kwake yuko ghorofa ya nne ya jengo la jirani. Lifti ilikuwa imeshikiliwa na wapagazi na maboksi yao, nikapanda ngazi. Ngazi za Kariakoo ni nyembamba kuliko jengo linavyojitangaza kwa nje, na kuta zake zimechubuliwa na mizigo usawa wa bega. Ghorofa ya kwanza wanauza simu kwa jumla. Ya pili, manukato na nywele bandia. Harufu ya udi ilinifuata hadi kwenye kona. Ya tatu vyerehani vinanguruma kwa pamoja nyuma ya mlango uliofungwa. Kila ghorofa spika za mtaani zinafifia. Kufika ya nne nilisikia pumzi yangu, na harufu ikawa nyingine kabisa: spiriti, na moshi mtamu mwepesi wa utomvu wa msonobari, ule unaochanganywa kwenye lehemu ili ishike.

Mlango ni wa kijani, hauna bango. Chumba kina ukubwa wa kutosha vitanda vitatu. Ukutani zimeegemea meza mbili za mbao nzito zilizotandikwa mikeka ya mpira wa buluu. Kwenye ya kwanza wamekaa vijana wawili. Kwenye ya pili kuna hadubini yenye macho mawili, hita ya upepo wa moto, pasi ya kuchomelea ndani ya kikombe chake, na kifaa cha kutoa umeme kwa kipimo, kinachoonesha volti na ampea kwa tarakimu nyekundu. Dirishani kuna feni inayovuta moshi kuutupa nje. Kona moja kuna betri mbili kubwa za gari na inveta, kwa ajili ya umeme ukikatika. Fundi mwenyewe amevuka hamsini, amevaa miwani miwili: mmoja machoni, mwingine kipajini.

Ukutani kuna karatasi moja. KUANGALIA 15,000.

Ndiyo mstari unaomfukuzia wateja, na anajua. Wakati nimekaa, kijana mmoja alichungulia, akausoma, akauliza kwa heshima, "Hata kama haitatengenezeka, mzee?" Akajibiwa, "Hasa kama haitatengenezeka. Hapo ndipo nitakuwa nimetafuta sana." Kijana akashukuru, akashuka.

Baada yake aliingia mama mmoja wa makamo, mwalimu wa sekondari, jasho la ngazi usoni, begi mkononi. Alisema mashine haiwaki tangu umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Chini, mezani, ameambiwa bodi imekufa, aongeze laki mbili na nusu awekewe nyingine. Fundi hakugusa begi. Aliuliza kwanza, "Data unaitaka?"

Mama alimtazama. Ndani ya mashine mlikuwa na alama za madarasa yote anayofundisha, na picha za mwanawe tangu hajaota meno. Hakuna aliyemuuliza hilo hadi hapo alipofika. Mtaani mashine ikizingua hupigwa Windows kwanza, kwa sababu ndiyo kazi inayolipwa, na Windows ikishapigwa bila kuangalia, vilivyokuwa ndani vinaweza kwenda nayo. Mwalimu alikalishwa kwenye benchi. Fundi akafungua.

Bodi ilipotoka niliona jinsi pwani inavyokula vitu. Karibu na matundu ya pembeni, mnapoingia hewa, shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Ni unyevu wa bahari na chumvi yake, jasho la mikono, na vumbi linaloshika maji. Ndani ya feni mlikuwa na mayai matupu ya mende. Ile pesti ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa ili joto lihamie kwenye shaba ya kupoza ilikuwa imekauka, ikawa chokaa. "Hii hata kama isingezimika," alisema, "ilikuwa inajipika."

Kisha akafanya jambo ambalo ningeweza kulitazama tena. Mita ilishamwambia kwamba njia moja ya umeme imegusana na chini, lakini njia hiyo inapita kwenye vipande kadhaa vilivyotapakaa bodi nzima, na kimoja tu ndicho chenye kosa. Alimimina spiriti kidogo juu ya bodi, ikatandaa, ikang'aa. Akaweka kifaa chake kwenye volti moja, akagusisha ncha mbili. Sote tukainama, mwalimu pia. Spiriti yote ilibaki imelowa isipokuwa sehemu moja, pembeni mwa koili, ambapo ilikauka ghafla ikaacha doa jeusi. Pale ndipo joto lilipokuwa, na palipo na joto ndipo umeme unapovujia. Ilikuwa kapasita moja, ndogo kuliko punje ya uwele. Aliing'oa kwa kibanio chini ya hadubini. Mita ikaacha kulia.

Nyingine aliitafuta kwenye bodi ya mzoga, maana naye ana mizoga, ila yeye ameipanga kwenye droo na kuiandika.

Akichomelea alinieleza kwa nini haiamini hita ya mtaani. Tangu Julai 2006 sheria za Umoja wa Ulaya zilizuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki, na viwanda vikahamia lehemu ya bati, fedha na shaba inayoyeyuka karibu nyuzi 217, wakati ile ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwa nyuzi 183. Chipu kubwa za bodi zinakaa juu ya mamia ya vishanga vya lehemu. Chipu ikifa, fundi wa meza huipuliza hita hadi mashine inawaka, mteja anaona kwa macho yake, analipa, anaondoka. Mara nyingi kilichopona ni cha wiki chache. Joto limerudisha mguso ndani ya chipu kwa muda, ugonjwa uko palepale. "Siwezi kusema amemdanganya," alisema. "Iliwaka. Mimi nikisema haitadumu, naonekana ndiye mwongo."

Nilimuuliza kuhusu wale wa chini, nikitegemea kusikia uchungu. Hakuwa nao mwingi. Kupiga Windows aliacha kukutegemea zamani. Kibodi na vioo navyo vimeshuka ngazi. "Kazi zile ni zao," alisema, "wanazifanya vizuri na haraka. Nikishusha bei niwafuate, nitakufa na kodi ya pango." Kodi anadaiwa miezi sita kwa mkupuo. Yapo mafuta ya jenereta ya jengo, wapo vijana wawili, ipo mashine ya risiti za EFD inayolia kila mteja akilipa. Alinionesha na rafu ya chini, karibu na miguu yake, ambayo hakuna karatasi wala bei. Zimelala hapo mashine zilizorudi: alizitengeneza, zikazingua tena ndani ya muda aliowaahidi wenyewe, na sasa anazirudia bila malipo. Ile elfu kumi na tano ya kuangalia, na tofauti yote kati yake na mtaa, inakaa kwenye rafu ile. Mezani kule chini rafu ya namna hiyo haipo. Mashine ikirudi, inarudi kama kazi mpya, kama meza yenyewe bado iko pale.

Halafu akacheka kidogo. Alianza, alisema, enzi za monita zenye mgongo mkubwa. Kazi zote zilikuwa mjini Posta, kwenye maduka yenye viyoyozi, na bei zao mtu wa kawaida alizisikia tu. Yeye alikuwa na begi mgongoni na bisibisi, anapita ofisi kwa ofisi kwa nusu ya bei yao. Wenye maduka hayo waliwaambia wateja kwamba huyu ni kishoka, ataua mashine. "Na kweli nyingine niliua," alisema, akainamia hadubini.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa fundi wa meza niliyemwacha chini, mkononi ana kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeua nini leo?"

Ilikuwa bodi ya mteja wake. Aliipima, akashindwa, na badala ya kusema imekufa ameipandisha. Hufanya hivyo mara kwa mara, na si yeye peke yake. Mzee anamtajia bei ya fundi kwa fundi, kijana anaongeza cha juu, na yule mteja wa kule chini, aliyeketi kwenye stuli akiamini amekwepa ghorofa ya nne, analipa bei ya ghorofa ya nne na kidogo juu yake. Nao mwendo wa kurudi upo. Kabla ya adhuhuri mzee alimtuma binti mmoja ashuke kwa kijana huyohuyo, akabadilishiwe kibodi, kwa sababu, alimwambia wazi, kazi hiyo haifai bei ya hapa. Nilikuwa nimekuja kutazama ushindani. Upo, na unauma. Lakini mtaani unapita ndani ya watu walewale wanaotegemeana. Mmoja wa vijana wa meza ya buluu aliniambia pembeni kwamba anakusanya pesa za hita na hadubini. Akizipata atashuka. Nilimuuliza atatoza ngapi. Alitazama karatasi ya ukutani, akashusha sauti: "Pungufu ya hapa."

Mashine ya mwalimu iliwaka mara ya kwanza ilipobonyezwa. Feni ilizunguka, taa ikatulia, skrini ikaleta picha ya mtoto akiwa na kofia ya karatasi. Fundi aliizima, akaiwasha tena, kisha akaiacha inaendesha video kwa muda mrefu huku ameweka kiganja juu ya kibodi kupima joto. Ndipo alipofunga skrubu. Kapasita mbovu aliibandika kwa selotepu nyuma ya risiti, akamkabidhi.

Mwalimu aliisogeza risiti karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Elfu tisini," alisema, "kwa kitu ambacho sikioni?"

"Kipo hapo katikati, mwalimu. Cheusi."

Alizihesabu noti mara mbili, akampa, akaingiza mashine kwenye begi na kufunga zipu hadi mwisho. Mlangoni akageuka. "Nitawaambia wenzangu shuleni kwamba uko ghali."

"Waambie, mwalimu," fundi alijibu, miwani ya kipajini imekwisha teremka machoni, mkono unaifuata bodi iliyokuja na gazeti. "Waambie na ghorofa ya nne, mlango wa kijani, wasije wakaishia chini."